Hapana Yenye H

Nyumbani kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, neno la kukataa lilikuwa apana. Mama alilisema hivyo, na mama yake alilisema hivyo, na wauza nyama, na maimamu, na watoto waliokuwa wakigombania zamu ya bombani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipoamua kwamba mtaa mzima unakosea.

Kosa hilo la kuwaona wengine wana kosa lilitokana na vitabu vitatu. Mjomba wangu, aliyekuwa akileta vitenge kutoka Kigoma, aliviweka vitabu hivyo juu ya mzigo ili kitenge cha juu kisichafuke, kisha akanipa vikiwa vimekunjamana. Shuleni tulisoma Kifaransa na Kirundi. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na gereji, na mwalimu akikusikia ukikisema uwanjani anakuuliza kama umekuja kuuza sambusa. Basi nikavisoma vile vitabu chumba cha nyuma, peke yangu, na humo nikakuta hapana, huyu, mtu, mtoto. Nilifurahi kama mtu aliyegundua kwamba ana ndugu tajiri. Nikaanza kuzungumza vile. Wadogo zangu wakaniita Redio, na mama akaniomba, kwa upole mwanzoni, nizungumze kama watu.

Sikuwa na mwanafunzi hata mmoja mpaka alipokuja mshambuliaji.

Aliletwa na kiongozi wa timu ya mpira ya mtaa wetu, fundi wa magari aliyekuwa rafiki wa marehemu baba. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Yule kijana alitoka milimani, alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na mama yake alikuwa amekimbia kilima chao, maana kule kijiji ndicho kilima, akajenga kibanda pembeni ya mashamba ya mpunga Buterere. Fundi alimpangia chumba kwenye ua wetu. Alikuja na mfuko mmoja, viatu vya mpira vikining'inia shingoni kwa kamba zake, na Kirundi cha adabu sana ambacho kilimfanya mama ampende kabla hajaweka mfuko chini. Kiswahili hakujua hata salamu.

Nilimwona akicheza kwa mara ya kwanza mwezi uleule, nimekaa na mke wa fundi kwenye ngazi za saruji zilizochomwa na jua. Siku hizo mechi zilianza mapema, saa nane mchana, ili watu wafike makwao kabla ya saa ya kufungwa njia. Nilidhani mshambuliaji ni mtu wa mbio. Yeye alitembea. Alizunguka kule mbele kama mtu aliyesahau alichofuata dukani, mpaka mabeki wakachoka kumtazama, na walipochoka ndipo mpira ulipomkuta. Hakupiga kwa nguvu. Aliusindikiza tu mpira ndani, kisha akageuka akarudi katikati ya uwanja huku ameinamisha kichwa, na nyuma yake watu wa Buyenzi wakakumbatiana na watu ambao kesho yake wasingewasalimia. Mtangazaji wa redio alimpa jina la kilima alichotoka, na jina hilo likashika. Fundi hakulipenda. Alisema ni jina linalomwelekeza mtu kwake hata asipotaka kuelekezwa.

Uwanjani wenzake walicheza kwa Kiswahili, kwa hiyo neno la kwanza alilojifunza lilikuwa mutu, ile kelele ya kumwonya mwenye mpira kwamba adui yuko mgongoni. Nilipomwambia kwamba kwa usahihi ni mtu, alifunga midomo akajaribu mara mbili tatu, akacheka.

"Nikingoja nifunge midomo vile," alisema, "mpira umeshaenda."

Hata hivyo alijaribu. Mimi nilikuwa wa kwanza katika mji ule kumfundisha kitu bila kumhurumia, nadhani ndiyo maana alinisikiliza. Aliniita mwalimu, nami nikamwita kaka.

Mama naye alikuwa na masomo yake, na yalikuwa ya aina nyingine. Miaka ile vijana wa mitaa walikuwa wakiziba barabara kwa mawe na matairi, wakimsimamisha kila apitaye na kumuuliza yeye ni wa nani. Kila mtaa ulikuwa na watu wake na hofu yake. Waswahili wa Buyenzi, mara nyingi, walipita. Walionekana kuwa watu wa pembeni ya ugomvi, watu wa biashara na swala ya Ijumaa. Basi mama akamshonea kanzu, akampa kofia ya baba, akamfundisha jinsi ya kuitikia salamu. Kisha akamfundisha kushtuka. Mtu akishtuliwa, alisema mama, ulimi hukimbilia kwao. Ukisema oya, ile apana ya Kirundi, Kirundi cha milimani kitatoka chote na uzazi wako nyuma yake. Akawa anamvizia. Yeye anafua jezi, mama anaangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake na kumpigia kelele: we si mutu wa kule? Wiki za kwanza alijibu oya, akajishika mdomo. Baadaye akajibu apana. Siku ya kwanza iliyotoka bila kufikiri, mama alipiga vigelegele ua mzima.

Hapo ndipo ilipofika barua.

Mtu wa timu moja kubwa ya Dar es Salaam alikuwa amekuja Bujumbura kwa shughuli zake na akakaa uwanjani Jumapili mbili mfululizo. Barua ilikuja baada ya miezi, mkononi mwa mfanyabiashara. Fundi aliisoma, akaikunja, akanipa mimi niisome kwa sauti, kwa sababu, alisema, imeandikwa kwa Kiswahili cha kina Redio. Tunapenda kukufahamisha. Endapo utaridhia. Tutashukuru kupata jibu lako mapema iwezekanavyo. Nilisoma huku mwili unanisisimka. Walitaka aende acheze kwao, alipwe kwa kucheza na kwa hilo tu, apewe chumba, atibiwe akiumia. Mjini kwetu hakuna aliyekuwa akiishi kwa mpira peke yake. Golikipa wetu aliuza mkaa. Apande meli ya Jumatatu, wiki ya nne ya Julai, na atapokewa Kigoma.

Mama alilia. Fundi alienda kununua tiketi. Mimi niliwaza jambo moja tu, kwamba wachezaji wa Dar watamcheka akifungua mdomo.

Tulikuwa na wiki tano. Kila alasiri, baada ya mazoezi, alipiga mpira ukutani nami nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kitabu mapajani. Aligundua mwenyewe kwamba hujifunza kwa miguu: kila mguso neno moja. Huyu. Ukuta ukarudisha. Hapa. Ukuta ukarudisha. Nilikuwa mkali zaidi kwa hapana. Nilimwambia avute pumzi kutoka kifuani, kama anayepuliza kioo akisafishe. Hapana. Hapana. Alikuwa na sikio zuri, na mwisho wa wiki ya nne alilisema vizuri kuliko mimi.

Mama alikuwa akichambua mchele karibu yetu. Alisikiliza kwa muda, akasema, "Unamuharibia mutoto wa watu ulimi."

Nilimjibu kwamba namtengeneza. Nakumbuka nilivyolitamka, kila silabi mahali pake.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo alitaka kwenda Buterere kumuaga mama yake. Meli ilikuwa ya saa tisa alasiri. Mama akaniambia niende naye nimevaa mtandio, maana kijana wa Buyenzi akiwa na dada yake hatazamwi sana. Fundi alituazima baiskeli yake, akachukua mfuko na tiketi, akasema atatusubiri bandarini ili tusipoteze muda wa kurudi nyumbani. Tulienda salama. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, miguu yake ina tope lililokauka la mpunga. Hakuwa na maneno mengi. Alimshika mwanawe masikio yote mawili, kama mtu anayeshika chungu, akamtazama hivyo kwa muda, kisha akamwachia. Alinipa mimi mchele kwenye kitambaa.

Wakati wa kurudi tukakuta njia imezibwa. Asubuhi haikuwa hivyo. Mawe, gogo, tairi linalotoa moshi mweusi, na vijana wapatao kumi, wengine wa rika langu. Ilikuwa saa nne, labda na nusu. Tukashuka kwenye baiskeli. Aliyeonekana mkubwa wao alikuwa na shati safi lililopigwa pasi, jambo lililonipa matumaini bila sababu. Akaniuliza mimi kwanza tunatoka wapi. Nikamwambia tumepeleka salamu Buterere, tunarudi kwetu Buyenzi. Huyu ni nani wako? Kaka yangu. Nilisema uyu na apa, kama nyumbani. Hofu ilikuwa imenirudisha kwa mama yangu bila mimi kujua.

Kisha akamgeukia yeye, akapiga usukani wa baiskeli kwa kiganja, ghafla.

"We! We si mutu wa milima?"

"Hapana, ndugu yangu," akajibu. "Mimi ni mtu wa Buyenzi."

Ilitoka safi. Hakusema oya. Hofu ilikimbia moja kwa moja mpaka kwenye somo langu, na somo langu likajibu. Yule kijana akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Sema tena."

"Hapana."

"Musikie," akawaambia wenzake. "Abari za saa saba." Wakacheka, wawili wakasogea kutazama mdomo wake. "Mutu wa Buyenzi anasemaka apana. Iyi H umeitoa wapi? Nani alikufundisha?"

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Swali lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limesimama hapo limevaa mtandio. Ningesema: ni mimi, yeye ni mpangaji wetu, nimemfundisha kwa vitabu kwa sababu leo anapanda meli kwenda kucheza mpira. Wangenicheka. Labda wangetuachia, labda wasingetuachia. Lakini kaka hakunitazama. Alitazama chini kama alivyotazama chini baada ya kufunga goli, akasema amesoma mwenyewe, kwenye vitabu. Nami nikaacha jibu lake libaki kuwa jibu. Niliogopa, ni kweli. Lakini katika hofu ile kulikuwa na kitu kidogo kingine ambacho nimechukua miaka kukitaja: niliona aibu. Lugha yangu nzuri ilikuwa inachekwa barabarani, na sikutaka ijulikane kuwa ni yangu.

Hakuweza pia kusema yeye ni mchezaji gani. Jina ambalo mji wote ungemtambua nalo lilikuwa jina la kilima.

Wakamkalisha juu ya jiwe. Wakasema atakaa hapo mpaka apatikane mtu mzima wa Buyenzi wa kumtolea ushahidi, na baiskeli itakaa naye. Mimi niende. Yeye akaniambia kwa sauti ya kawaida nimwite fundi, nisikimbie, anayekimbia anatazamwa. Basi nikatembea. Sijawahi kutembea hivyo tena: nataka kukimbia kwa mwili wote na miguu inahesabu. Nilizunguka njia za nyuma kukwepa vizuizi vingine viwili. Nilipita gereji kwa mazoea, nikaikuta imefungwa, ndipo nikakumbuka yuko bandarini. Nilipofika huko muadhini alikuwa amekwisha kuadhini adhuhuri kitambo. Meli ilikuwa imelala gatini, kubwa, imetulia, wapagazi wakipandisha magunia ya mwisho kwa ubao. Fundi alikuwa amekaa juu ya mfuko wa kijana wake, anakula karanga.

Nilimweleza. Hakunigombeza. Alitazama meli, akatazama jua, akamwachia mpagazi mmoja mfuko ule, tukaondoka kwa miguu, kwa kuwa gari lisingepita kwenye mawe.

Tulipofika kwenye kizuizi, wale vijana walikuwa wamempa chungwa na yeye alikuwa amekaa palepale na lile chungwa mkononi, hajalimenya. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye pumzi fupi. Alisimama katikati yao akihema, akawatazama mmoja mmoja kama anayetazama injini zilizochezewa na wasiojua kazi.

"Munakamata mutu juu ya H?" aliuliza. "We baba yako gari yake iko kwangu tangu Jumatano, nimurudishie bila magurudumu? Uyu ni mutoto wangu, anachezaka mu timu yangu. Mwenye kosa ni uyu musichana. Iko na vitabu vyake, anafundisha watu Kiswahili ya redio. Ata mi ananikosoa mu gereji yangu mwenyewe."

Wakaangua kicheko. Kijana mwenye shati la pasi akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli."

"Na juu ya nini aukusema asubuyi?"

Hata leo ndilo swali zuri zaidi nililowahi kuulizwa na mtu yeyote kuhusu maandishi yangu, na liliulizwa na mtu aliyesimama juu ya gogo. Akamwambia kaka yangu asimame. Kama ni mchezaji, acheze. Yeye akaangusha chungwa, akalipokea kwa mguu kabla halijafika chini, akalipandisha, goti, mguu, kisigino, bega, likawa linapanda na kushuka mbele ya moshi wa tairi kana kwamba halina uzito. Miguu yake haikuwa na lafudhi. Mmoja wao alitambua. Akalitaja jina la kilima, taratibu, na kwa muda nilidhani sasa ndio mwisho. Lakini akasema tu kwamba aliwahi kumwona akifunga kwa kichwa siku ya mvua, na kwamba angesema mapema angekuwa ameshafika anakokwenda.

Walitupa baiskeli. Fundi akampakia, mimi nikafuata nyuma.

Nilipofika bandarini nilikuta geti limefungwa nusu na wapagazi wamekaa wanakula. Fundi na kaka walikuwa wamesimama mahali ilipokuwa meli. Palikuwa na maji tu, na maganda ya ndizi juu ya maji. Mpagazi alitoa ule mfuko chini ya meza.

"Imeenda," alisema. "Mutapanda ya wiki iyi ingine."

Na sisi tukaridhika. Hicho ndicho kinachoniuma kwa namna ya pekee, kwamba siku ile hatukuhuzunika. Meli ilikuwa ya kila wiki. Jioni tulikula wali wa mchele wa Buterere, fundi akasimulia kisa kwa sauti za watu wote, mama akacheka mpaka akafuta macho, na mshambuliaji mwenyewe akaiga yule kijana akisema abari za saa saba. Mimi nilicheka pia. Nilijua niliyoyafanya, nikadhani yamesamehewa na ratiba ya meli.

Wiki ile serikali ikapinduliwa. Jumatatu hakuna aliyesafiri. Kabla ya Jumatatu nyingine nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, hatua iliyoitwa embargo, na embargo ikakaa miaka mitatu kasoro. Sukari ikapotea, petroli ikauzwa kwenye chupa, na gati la meli ya Kigoma likawa mahali pa watoto kuogelea. Barua yetu ya kuomba radhi ilikaa kwenye kabati la fundi hadi bahasha ikawa ya njano. Tulisikia kupitia kwa watu kwamba ile timu ilichukua mshambuliaji mwingine.

Wetu aliendelea. Alicheza misimu miwili mizuri, na mmoja wa kawaida. Kiangazi kimoja, kwenye uwanja mgumu kama sakafu, goti lake lilijikunja alipokuwa anageuka, bila kuguswa na mtu. Hakukuwa na wa kumtibu zaidi ya mkandaji na barafu ya kwenye duka la samaki. Mipaka ilipofunguliwa alikuwa amekaribia miaka thelathini na alikuwa akishuka ngazi kwa mguu mmoja kwanza. Fundi akampa kazi gereji. Ikawa taaluma yake.

Niliandika kitabu changu cha kwanza baada ya vita kuisha, kwa Kiswahili kilekile chenye herufi zote. Watu wa mikutano ya vitabu huniuliza nilikipata wapi, nami husema kwa mjomba na vitenge vyake, jambo ambalo ni nusu ya ukweli. Nakala ya kwanza niliipeleka gereji. Alitoka chini ya gari, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akakifungua katikati na kuanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Anasoma vizuri. Katika mstari wa nne au wa tano palikuwa na hapana. Akaisoma apana, akaendelea, bila kutua, kama mtu anayeruka dimbwi analolijua.

Sijui kama alifanya makusudi. Kiswahili chake sasa ni cha Buyenzi kabisa. Hata mama yangu, angekuwa hai, asingeweza kumkosoa. Nilimwacha amalize ukurasa. Kisha nikasema nililokuwa nimelibeba miaka yote ile, au mwanzo wake tu.

"Kaka, siku ile pale njiani, walipouliza nani alikufundisha, ningesema..."

"Apana, mudogo wangu," akasema.

Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, ili asikichafue, akarudi chini ya gari. Nilibaki nimesimama naiona miguu yake tu, ule mzima na ule mwingine. Sikuelewa alichokataa, kama ni kwamba kosa halikuwa langu, au kwamba hataki kulisikia. Nilitaka kumwambia, sema tena. Nikakumbuka ni nani aliyewahi kumwambia hivyo, pale kwenye mawe na moshi wa tairi.